Kabla hujaacha zenoni, anza na tangi

Vijana wa timu za setilaiti ndogo vyuoni huniuliza swali moja karibu kila tunapokutana: zenoni, gesi inayotumiwa kusukuma setilaiti, ni ghali, tutumie gesi gani badala yake? Kazi yangu ni kupima injini za ayoni, zinazong'oa elektroni kwenye atomi za gesi kisha kuzirusha atomi hizo nje kwa umeme, ndani ya chemba ya ombwe, yaani iliyonyonywa hewa, na jibu langu huanzia kwenye tangi, si kwenye bei.

Zenoni haikupendwa bure. Atomi yake ni nzito, hung'oka elektroni kwa urahisi, na haili metali yoyote. Ndiyo iliyokifikisha chombo cha Dawn, kilichorushwa 2007 kikiwa na kilo 425 za gesi hiyo, hadi Vesta na kisha Ceres, magimba mawili kati ya Mirihi na Mshtarii. Shida ni upatikanaji: hewani haifiki hata sehemu 1 katika milioni 10. Mwenye setilaiti kwa maelfu hawezi kuimudu, ndiyo maana Starlink, mtandao wa setilaiti za intaneti, walianza na kriptoni 2019, wakaingia kwenye agoni 2023, gesi zote mbili nyepesi kuliko zenoni.

Msiwaige hivi hivi. Kwa volti zile zile, atomi nyepesi hutoka kwa kasi zaidi, lakini kila wati inakupa msukumo mdogo zaidi. Agoni haifiki theluthi ya uzito wa zenoni, na elektroni yake ni ngumu kung'oa. Mwenye paneli kubwa za jua atavumilia hasara hiyo. Nyinyi wenye wati chache itawaumiza.

Kwa setilaiti ndogo, mimi naipa nafasi iodini, madini joto yale yale tunayotiliwa kwenye chumvi. Uzito wake unakaribia wa zenoni, na hukaa tangini ikiwa fuwele, bila shinikizo lolote. Ukiipasha moto kidogo hugeuka mvuke wa zambarau bila kuyeyuka kwanza, kama kafuri. Kampuni ya Ufaransa, ThrustMe, iliijaribu angani kwenye setilaiti ya Kichina iliyorushwa Novemba 2020, ikafanya kazi. Waliishikiza iodini ndani ya kauri yenye vitundu, ili mtikisiko wa roketi usiivunje vipande.

Lakini iodini inakula metali. Chuma kinachopitiwa na mvuke wake huota madoa ya kahawia, na mvuke ukikutana na sehemu ya baridi kwenye bomba huganda hapo hapo na kuliziba. Kwa hiyo pasheni bomba zima, kuanzia tangini hadi kwenye injini, pamoja na vali na viungio. Hapo kwenye viungio ndipo wengi husahau kufunga hita. Pampu ya ombwe nayo ilindeni kwa mtego wa baridi, yaani sehemu iliyopoozwa ili mvuke ugande hapo kabla ya kuifikia. Kama maabara yenu haiwezi hayo, anzeni na kriptoni, haichafui chemba.

Zebaki msiiguse, hata mkisoma kwamba SERT II, chombo cha majaribio cha NASA, kiliitumia mwaka 1970. Tunajua inavyowaumiza wachimbaji wadogo wa dhahabu, na inayomwagwa kwenye mzingo wa chini hurudi kwetu. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki, zilikubaliana iondoke kwenye setilaiti ifikapo 2025.

Jambo la mwisho, kwa mtakaochagua iodini: injini yake haiwaki papo hapo. Lazima tangi lipate joto kwanza, dakika kadhaa, na umeme wa hita unatoka kwenye betri ile ile. Ziingizeni dakika hizo kwenye ratiba ya kukwepa vifusi vya angani kabla hamjanunua hata vali moja.