Malenga mwenye upanga: ngazi 2 za paladini zinatosha

Ndugu, umeuliza kama malenga wako (mhusika mwimbaji anayetumia uchawi) katika mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons, kwa kanuni za mwaka 2014, aongezewe ngazi za paladini (shujaa mtakatifu wa vita) ili apigane mstari wa mbele. Naunga mkono, mradi alama zake za Nguvu na za Mvuto zisipungue 13. Kwa kuwa hamjaanza kucheza, mwanzishe akiwa paladini, kwani anayeingia upaladini baadaye hapati ujuzi wa kuvaa deraya nzito.

Faida kubwa ni pigo takatifu, uwezo ambao paladini huupata ngazi ya 2 wa kuongeza madhara ya silaha; hula nafasi za uchawi (idadi ya mara mhusika anazoweza kuroga kabla ya kupumzika), na malenga anazo tele. Mhusika mwenye ngazi 2 za paladini na 6 za malenga huhesabiwa kama mchawi wa ngazi ya 7, hivyo atakuwa na nafasi 1 ya daraja la 4 (daraja ni kiwango cha nguvu ya uchawi) ingawa hajui uchawi wowote wa daraja hilo. Akiimwaga kwenye upanga, adui anaongezewa madhara ya dadu 5 za pande 8, na hapo hata joka hutikisika. Chuo cha Ushujaa, mojawapo ya matawi ya umalenga, kitampa shambulio la pili afikapo ngazi ya 6 ya malenga. Gharama yake ni kwamba uchawi wa daraja la 3 utachelewa kwa ngazi 2, jambo ambalo wenzako watalihisi ikiwa kundi halina mchawi mwingine.