Fundi Anajibu: Bloku ya ABS imebadilishwa, taa haizimi

Jambo Papa Fundi. Bloku ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki) ya gari langu, RAV4, iliharibika, nikanunua iliyotumika. Aliyeifunga alitoa hewa kwa kukanyaga pedali tu. Sasa pedali inazama na taa ya VSC (mfumo unaozuia gari kuteleza) haizimi. Ananiambia taa ni pambo, niendeshe tu. Kweli? (Kijana wa Kadutu, Bukavu)

Jambo kijana wangu. Gari lisitoke kwanza. Kama una safari ya Uvira, panda basi. Mteremko wa Ngomo haushukwi na pedali inayozama.

Mwenzetu alitoa hewa ya kwenye paipu, ya ndani ya bloku akaiacha. Mle ndani mna valvu ndogo ambazo hukaa zimefungwa, na pampu, mguu hauzifikii. Skana, kifaa kinachozungumza na kompyuta ya gari, ndiyo huziamuru zifunguke na pampu izunguke, huku mtu akikanyaga na chupa ikipokea mafuta kwenye gurudumu. Na bloku hiyo, sokoni ilikaa midomo ya paipu wazi? Kama ndiyo, mimi ningeirudisha. Vumbi limeshaingia.

Linalonitia hofu zaidi hujaliuliza. Kwenye bloku ya aina hiyo huingia paipu sita: mbili kutoka masta silinda (inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali), nne za magurudumu. Ukichanganya ya mbele kushoto na ya mbele kulia, breki ya kawaida inashika vizuri, hutajua kitu. Utajua siku nyuma ya gari imeteleza kwenye tope: kompyuta inaamuru gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona lishikwe, linashikwa la ndani, na gari linazidi kuzunguka. Mimi hufunga uzi wa rangi kwenye kila paipu kabla ya kulegeza nati. Yako imeshafungwa, basi gari linyanyuliwe, mtu akanyage breki, skana iachie la mbele kushoto peke yake, mwingine ajaribu kuyazungusha kwa mkono. Likizunguka la kulia, wamechanganya.

Sasa taa. Sensa inayohisi gari linavyogeuka lazima ifundishwe sifuri upya, gari limesimama kimya, usukani umenyooka, mahali tambarare. Tambarare, Bukavu! Nilipoanza kutumia skana nilifanya kazi hiyo uani kwangu, macho yakiniambia pako sawa. Taa ikarudi mara tatu, mwenye gari akaanza kuninunia. Mara ya nne nikalaza chupa tupu ya bia ya Primus chini. Ikabingirika mpaka getini. Siku hizi naomba sakafu ya ghala la jirani. Pale chupa inatulia.

Kabla ya kuja, niandikie namba ya kipuri iliyo kwenye bloku hiyo na ile ya zamani, kama hujaitupa. Zikitofautiana nitazame kwanza kama zinabadilishana, usije ukalipia mafuta ya breki ya bure.