Kitenzi “take” kwa anayeanza kazi ya wageni Mombasa

Kamusi ndogo za shule hufasiri “take” kwa neno moja, kuchukua, na anayeanza kazi hotelini Nyali au dukani Mji wa Kale hulibeba neno hilo hilo hadi mbele ya mgeni. Mgeni anauliza “Do you take cards?”, na muuzaji anabaki kujiuliza achukue kadi ipi. Swali lilikuwa kama duka linapokea malipo ya kadi, na jibu ni “Yes, we do” au “Sorry, only cash or M-Pesa”. Dakika mbili baadaye mgeni yule yule anauliza “Should I take a tuk-tuk?” Sasa ni kupanda. Akifika Fort Jesus anasikia “The Omanis took the fort in 1698”, na hapo ni kutwaa: Wareno walianza kuijenga ngome 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696, wakaitwaa 1698. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimepita kwenye vitenzi vitatu vya Kiswahili kabla ya jua la mchana.

Kwa hiyo usiifasiri “take” mpaka umesikia kinachoifuata. Jambo hili lisikutishe, maana sisi wenyewe tuna piga: tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, hodi, magoti, na hakuna anayeumia. Jifunze “take” kwa jozi vivyo hivyo. “Take a break” ni kupumzika kidogo, “take a look” ni kutupia jicho, “take part in” ni kushiriki, “take notes” ni kuandika unachosikia. Ila jozi hazitungwi kwa kubahatisha. Kukosea ni “make a mistake”, kamwe si “take a mistake”. Kuoga, Waingereza wengi husema “have a shower” na Wamarekani “take a shower”, tumia lolote. “Take place”, yaani kufanyika, haiingii katika kauli ya kutendwa. Sema “The wedding took place on Saturday”. Wengi huandika “was taken place” kwa sababu “ilifanyika” huwavuta kutafuta “was” pasipo na haja nayo.

Mezani ndipo Kiingereza chetu cha Kenya na cha mgeni vinapoachana njia. “Have you taken lunch?” huku kwetu ni salamu ya kawaida na kila mtu anaielewa. Mgeni kutoka Uingereza naye ataielewa, lakini yeye husema “Have you had lunch?”, na chai hukaribishwa kwa “Would you like some tea?” Kitenzi cha chakula na vinywaji kwao ni “have”. “Take” hubaki unapouliza mazoea ya mtu, kama “Do you take sugar?”, na unapopokea oda: “May I take your order?” Wapo wanaosema “Can I order you?”, na hilo ni baya, kwani mgeni anasikia kama unataka kumwamrisha, au kumwagiza jikoni aletwe na kachumbari.

Sahani ikiisha, “May I take your plate?” yatosha, na ngoja wote mezani wamalize ndipo uulize. Mgeni akikawia kuchagua, “Take your time” ni adabu nzuri, yaani asiharakishe. Lakini maneno hayo yakigeuka yakawa “You took your time”, yakitoka kwa mgeni ulipomletea samaki baada ya saa nzima, hiyo ni lawama iliyovikwa kanzu. Usijibu “Thank you”. Jibu “I'm sorry about the wait”.

Dawa ina sheria yake. Sisi tunakunywa dawa, hata ya vidonge, na ndiyo maana utasikia “Drink two tablets”. Kwa Kiingereza dawa ya kumeza hu-“take”, iwe kidonge au ya maji: “Take two tablets twice a day after food.” Aliyepo mapokezi ya zahanati au duka la dawa alishike hili kabla ya mengine yote.

Sasa picha, maana hapa kosa hutokea mara nyingi mno kwenye Pembe za Ndovu pale Moi Avenue na ufukweni. Kiswahili kinatofautisha kwa herufi chache tu: nipige picha, wewe ndiwe unayeonekana, nipigie picha, nifanyie kazi hiyo. Kiingereza hutofautisha kwa vihusishi. “Take a photo of me” ni nipige picha. “Take a photo for me” ni nipigie, pengine picha ya ngome au ya jahazi. “Take me a photo” haifai kwa lolote kati ya hayo. Ukitaka kumsaidia mgeni aliyesimama na simu mkononi, sema “Shall I take a photo of you both?” au, wakiwa wengi, “of all of you”. Usiseme “Shall I take you?”, maana atauliza, wapi?

Kosa hilo lina mzizi, na mzizi wenyewe ni kauli yetu ya kutendea. Kila tunapoweka -ia au -ea mwishoni mwa kitenzi, ulimi wetu hutafuta “for” upande wa Kiingereza. Mpelekee mgeni taulo hugeuka “Take for the guest a towel”. Mpangilio sahihi ni mmoja kati ya hii miwili: “Take the guest a towel”, mtu kwanza kisha kitu, bila kihusishi, au “Take a towel to the guest”, kitu kwanza kisha “to”. Chumba hakiwekwi mbele ya kitu, kwa hiyo ni “Take a towel to room twelve”, si “Take room twelve a towel”.

Upande wa kwenda na kuja, Mswahili ana bahati, kwani peleka na leta tayari ziko kichwani mwake. “Take” ni peleka, kitu kinaondoka tulipo. “Bring” ni leta, kinakuja tulipo. Ukiwa mapokezi unampigia mwenzako aliye chumbani, sema “Bring the bags down”. Ukimwelekeza aliyesimama kando yako, sema “Take the bags up”. Jihadhari na “take from”. Kumpokea mtu mzigo ni heshima kwetu, lakini “I took the bags from the guest” inaweza kusikika kama umemnyang'anya. Andika “I took the guest's bags to his room”.

Muda unahitaji subira zaidi. Kiini chake ni “it”, na “it” hiyo haisimamii kitu chochote. Hukaa tu mahali pa kiima. “It takes about five hours to get to Nairobi by train.” Akitajwa mtu, hukaa katikati: “It took us forty minutes to cross.” Wengi huanza na mtu, “You will take five hours”, nayo huacha hisia kwamba kuchelewa ni kwa huyo msafiri, si urefu wa safari. Swali ni “How long does it take?”, na “does” haiachwi. Mahali pakitajwa, kitenzi kiwepo pia: “How long does it take to get to Diani?” Ukisema “How long does it take to Diani?” umeruka “get”, na sentensi imebaki na pengo.

Kuna jambo la muda ambalo hata walimu hulipita kimya. “It won't take long” ni sahihi, na “Will it take long?” pia ni sahihi, kwa sababu “take long” hupenda sentensi za kukanusha na za kuuliza. Katika sentensi ya kukubali, “It takes long” husikika imekatika. Sema “It takes a long time”. Ukieleza foleni ya feri ya Likoni, basi, ni “Crossing doesn't take long, but waiting can take a long time”. Na hiyo ni kweli tupu.

Kwa wauzaji wa vinyago, leso na vikoi, kuna sentensi tatu za kuzijua usingizini. “How much will you take for it?” ni mgeni anauliza bei ya mwisho, hajanunua. “I'll take it” ni biashara imeisha, funga mzigo na usiongeze neno, maana muuzaji anayeendelea kusifu bidhaa baada ya hapo humfanya mnunuzi afikiri upya. “What do you take me for?” ni hasira: unaniona mjinga? Ukiisikia hiyo, bei yako imepita mpaka au umeonekana unadanganya, na kuanza tena na “my friend” hakutasaidia. Kuna na “I take it this is silver?” Hapa mgeni hachukui kitu, anakisia kwamba ni fedha na anataka uthibitishe. Ukijibu “Yes, take it” na kumbe ni shaba, umetoa ushahidi wa uongo bila kujua.

Vile vile chombo hu-“take” watu kwa maana ya kubeba: “The boat takes twelve”, “The matatu takes fourteen”. Na “Is this seat taken?” ni kuuliza kama kiti kina mwenyewe. Kikiwa wazi jibu “No, it's free”, na kikiwa na mtu jibu “Yes, sorry”. Wanaoanza kazi husema “Yes, yes, welcome” kwa ukarimu, na mgeni huondoka zake akidhani kina mtu.

Vitenzi vyenye mkia ni bahari, na haina haja kuiogelea yote kwa siku moja. Chukua vya kazi yako. Mafundi cherehani wa Biashara Street wanahitaji vinne: “take in” ni kupunguza upana, “take up” ni kupunguza urefu kwa kupandisha pindo, na kinyume chake ni “let out” kupanua na “let down” kuteremsha pindo. Mgeni akisema “Can you take it in at the waist?” anataka kiuno kibane, na anayesikia “take in” kama kuingiza ndani ataipokea nguo, aiweke kabatini na kungoja maelezo zaidi. Ukubali kwa kipimo: “By how much? Two centimetres?” Mwachie akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwani kesho anaweza kurudi kuomba “let out”.

Mapokezi wana “take off”, ambayo kwa ndege ni kupaa, kwa nguo ni kuvua, kwa bili ni kupunguza: “Can you take ten per cent off?” Wana “take back” ya kurudisha, na “take over” ya kupokea zamu. Mkia huu una sheria isiyobembelezwa: neno fupi kama “it” au “them” hukaa katikati. “Take off your shoes” sawa, “Take your shoes off” sawa, “Take them off” sawa. “Take off them” kosa. “Take after”, kufanana na mzazi, haitenganishwi: “She takes after her mother.”

Maumbo ni manne ya kukariri: take, takes, took, taken, pamoja na “taking” ambayo haina shida ila kuiacha “e”. “Taked” haipo. “Have took” huzungumzwa na baadhi ya Waingereza wenyewe mitaani, lakini kwenye barua ya kazi ni doa. Matamshi: “take” huishia kwenye k, isiongezwe irabu ikawa “teiki”. “Took” ni “tuk” fupi, sawasawa na nusu ya tuktuk. Ukiivuta kuwa “took” ya kusomwa kama maandishi, mgeni atasikia “talk”.

Zoezi linalofaa ni kitabu cha zamu, kwa kuwa kila siku lazima kiandikwe na kila siku kina mambo yaliyokwisha. Jambo lililotendwa bila kumtaja mtu hutumia “taken” na “was” au “were”. Akitajwa mtu, “took”. Mfano: “Room 14: bags taken down at 6.30.” “The driver took the guest to the airport at 7.” “Room 9 took medicine and asked not to be disturbed.” Soma kwa sauti ulichoandika kabla ya kukabidhi, na “taken” yoyote uliyoiandika bila “was”, “were”, “have”, “has” au “had” iangalie mara ya pili. Katika maandishi mafupi ya kitabu kama mfano wa kwanza “were” huachwa kwa makusudi. Katika barua kwa mgeni usiiache.