Kujifunza Gitaa Huanza na Mkono Unaopiga

Vijana wanaonijia hapa Mtwara wakitaka kujifunza gitaa huwa na ombi linalofanana: waonyeshwe kodi, yaani mahali pa kubonyeza nyuzi ili kadhaa zilie kwa pamoja na kupatana. Wengine huja na simu iliyojaa picha za kodi hizo, wameshazikariri kwa majina, lakini ukiwaomba wapige wimbo mmoja tu, hata ule wanaouimba kila Jumapili, wimbo hausimami. Sababu ni kwamba nguvu zao zote zimekwenda kwenye mkono wa kushoto, ule unaobonyeza, na mkono wa kulia, ambao ndio unaoupa wimbo mwendo wake, umeachwa ujitafutie njia. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuugeuza mpangilio huo: mkono unaopiga upewe kazi kwanza na upewe muda mwingi, na kodi zije chache, tena taratibu. Anayetumia mashoto na ameligeuza gitaa lake abadilishe tu majina ya mikono katika maelezo yangu.

Jambo hili nililipata kwa mzee mmoja wa Mikindani, ambaye ujanani mwake alikuwa mpiga rithimu katika bendi za dansi, yaani gitaa linaloshika mwendo wa wimbo kwa kodi, tofauti na solo, lile linalocharaza mahadhi juu yake. Aliponikubali kuwa mwanafunzi wake aliniambia, "Mwanangu, solo utaitamani tu, lakini kwanza nipigie rithimu mpaka aliye jikoni aanze kucheza bila kujijua." Kwa muda mrefu alinipa kodi mbili pekee, akawa anasikiliza mkono wangu wa kulia huku akigonga mezani kwa kiganja. Alikuwa na haki. Muziki wa dansi wa Tanzania uliwapa watu sifa kwa solo, na mtu kama Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano hadi alipofariki mwaka 1979, hukumbukwa kwa jinsi alivyolicharaza gitaa la solo. Lakini sikiliza chini ya solo hiyo, utamkuta mpiga rithimu ambaye hatetereki, na mpiga besi anayeshikana naye. Ukiwaondoa hao wawili, solo hukosa pa kusimama.

Sisi wa kusini tuna mtaji katika jambo hili, na nasikitika kuona wanaoanza wakiuacha nje ya mlango wanapokamata gitaa. Mtoto aliyekulia Newala, Tandahimba au Nachingwea ameshasikia sindimba na ngoma nyingine za jando na za sherehe tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na miguu yake inajua kugawa mapigo kwa namna ambayo vitabu vya gitaa huieleza kwa kurasa nyingi. Basi kabla ya kodi yoyote, laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kuzibonyeza, ili zisilie bali zitoe mlio mkavu. Piga mguu chini kwa mapigo manne yaliyo sawa, mkono wa kulia ushuke kila mguu unapotua na upande kila mguu unaponyanyuka. Kanuni moja usiivunje: mkono usisimame. Hata pale usipotaka nyuzi ziguswe, mkono uendelee kushuka na kupanda hewani, kwa kuwa mitindo yote ya kupiga unayoisikia hutokana na kuchagua mahali pa kugusa na mahali pa kupita bila kugusa, huku mwendo wenyewe ukibaki palepale. Tumia kidole gumba au piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, vyote ni sawa, ila kifundo cha mkono kiwe kimelegea.

Zoezi hilo likishatulia, hesabu moja hadi sita badala ya nne, na utie mkazo kwenye moja na nne. Ukishazoea, uache mguu uendelee kutua kwenye moja na nne, lakini mkazo wa mkono uuhamishie kwenye moja, tatu na tano, bila kuongeza wala kupunguza kasi. Hapo utasikia mapigo mawili ya mguu yakipishana na matatu ya mkono, na kama umewahi kusimama karibu na wapiga ngoma utaitambua hali hiyo mara moja. Rudi kwenye zoezi hili kila siku. Ni mlio mkavu usio na utamu, na majirani hawatakusifu, lakini mpigaji aliyelishika hatapotea hata akiwekwa katikati ya bendi.

Nieleze sasa kuhusu gitaa lenyewe, maana anayeishi pwani ana mambo ya kuzingatia ambayo washauri wa mbali hawayasemi. Kwa anayeanza napendekeza gitaa kavu, lisilohitaji umeme wala spika, na kati ya magitaa makavu napendekeza lile la nyuzi za nailoni. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, shingo yake ni pana kidogo, hivyo vidole havibanani, na zaidi ya hayo nailoni haishiki kutu. Hewa ya Shangani, ya Mikindani na ya ufukwe wa Lindi ina chumvi, na nyuzi za chuma zikiachwa bila kufutwa baada ya kupigwa huanza kukwaruza vidole na kupoteza mlio mapema mno. Nyuzi tatu nene za gitaa la nailoni nazo zimeviringishiwa waya mwembamba, kwa hiyo zifute pia kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Ukipenda mlio mkali wa nyuzi za chuma, nunua gitaa lililotengenezwa kwa ajili yake. Usifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata kama fundi fulani atakuambia zinaingia: seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, wakati ya nailoni huvuta takribani kilo 40, na gitaa lililojengwa kwa mvuto mdogo litapinda shingo au kung'oka daraja linaloshikilia nyuzi.

Wengi wetu huagiza gitaa kutoka Kariakoo au hununua lililotumika kwa mtu. Ukipata nafasi ya kulishika kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Kwanza, liinue usawa wa jicho, uangalie shingo kutoka kichwani hadi kwenye tumbo la gitaa. Iwe imenyooka au iwe na mbonyeo mdogo sana, isiwe imejikunja. Pili, piga uzi mwembamba ukiwa wazi, yaani haujabonyezwa, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 na uupige tena (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, nazo huhesabiwa kuanzia kichwani). Freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo sauti inapaswa kuwa ileile, ila oktava moja juu, kama kutoka do hadi do inayofuata. Ikitoka imepotoka, gitaa hilo litakusumbua kupatana, na utajilaumu wewe bure kwa kosa la gitaa. Angalia pia umbali kati ya nyuzi na shingo hapo kwenye freti ya 12: milimita tatu au nne kwa nailoni zinavumilika, zaidi ya hapo vidole vitateseka pasipo sababu. Likiletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, legeza nyuzi kidogo na uombe likae ndani pamoja na abiria, lisitupwe kwenye buti chini ya magunia. Nyumbani usilitundike ukutani penye jua wala kuliacha kwenye chumba cha bati kisicho na dari mchana kutwa, kwa kuwa joto hulegeza gundi.

(Wapo wanaouliza kama mpingo wetu hutumika katika magitaa. Hutumika, hasa kwa ubao wa shingo unaobonyezwa na vidole, kwa sababu ni mti mgumu sana usiolika upesi, ingawa sehemu kubwa ya mpingo unaovunwa kwa ajili ya muziki huishia kwenye klarineti na zumari za orkestra. Misitu ya vijiji vya Kilwa inayotunzwa kwa ajili yake ni fahari ya Mkoa wa Lindi, nami ningefurahi kuona siku moja gitaa zima likijengwa hukuhuku.)

Gitaa lisilopatana litakuharibia sikio kabla hujaanza. Nyuzi zake sita, kuanzia ule mnene kabisa unaoitwa wa sita, hutoa sauti ambazo wapigaji huziita kwa herufi: E, A, D, G, B na E nyingine ya juu. Zipo programu za simu zisizohitaji intaneti ambazo husikiliza uzi na kukuonyesha kama umekaza mno au umelegeza, na si aibu kuzitumia. Hata hivyo jifunze pia kutumia sikio: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 5, upate sauti inayopaswa kulingana na uzi wa tano ukiwa wazi, fanya hivyo kwa kila uzi na unaoufuata, isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubonyezwa freti ya 4 ili kuulinganisha na wa pili. Fanya kazi hii kila unaposhika gitaa, hasa nyuzi zikiwa mpya, kwa sababu nailoni huendelea kunyumbuka kwa siku kadhaa.

Sasa kodi. Anza na mbili zilizo jirani, A maina (huandikwa Am) na C. Katika A maina, kidole cha shahada kiko uzi wa pili freti ya 1, cha kati uzi wa nne freti ya 2, na cha pete uzi wa tatu freti ya 2. Ili kwenda C, shahada na cha kati havitoki mahali pake. Cha pete peke yake huhama na kwenda uzi wa tano freti ya 3. Badilisha kati ya hizo mbili ukiwa ndani ya mapigo yale yale ya mkono wa kulia, na kidole kikichelewa, mkono usikisubiri. Ni afadhali kodi itoke na uzi mmoja uliozimika kuliko wimbo kusimama.

Baada ya hapo jifunze G na D, nawe utakuwa na G, C na D, kodi tatu ambazo kwa mwimbaji wa kwaya ni hazina. Kusini hii ina kwaya nyingi, tangu misheni za Masasi na Ndanda, na waimbaji wengi wanasoma do-re-mi bila shida. Ukiifanya G kuwa do, kodi ya G ina do, mi na so. Kodi ya C ina fa, la na do. Kodi ya D ina so, ti na re. Ukizihesabu utaona kwamba sauti zote saba zimo. Kwa hiyo chukua wimbo rahisi unaoujua, uuimbe polepole, na mahali sauti yako inapotua uulize: nimetua juu ya nini? Ukitua kwenye mi, jaribu G; kwenye fa au la, jaribu C; kwenye ti au re, jaribu D. Do na so zina nyumba mbili kila moja, basi sikio liamue. Kwa njia hii utapata kodi za nyimbo nyingi bila kuonyeshwa na mtu, na kila ulichokipata mwenyewe hakitakutoka. Nyimbo za taarabu zenye mahadhi ya Kiarabu hazitaingia zote katika kodi hizi tatu, kwa hiyo zisubiri.

Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, na hilo ni la kawaida, ngozi itakomaa. Bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa, na utahitaji nguvu kidogo. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiwiko ni habari nyingine: ukiyasikia, weka gitaa chini siku hiyo. Robo saa au dakika ishirini kila siku zinajenga zaidi ya saa tatu za Jumamosi, na anayekwenda shamba msimu wa korosho anaweza kuzipata jioni kabla ya kula.

Mwishowe tafuta mwenzako wa kupiga naye, hata akiwa na debe tu au makofi, kwa sababu mtu akiwa peke yake hupunguza mwendo penye ugumu bila kujua, na mwenzake humfichulia. Siku mtakapoweza kuzunguka G, C na D kwa muda mrefu, mmoja akiimba na mwingine akipiga, na mwendo usiyumbe, hapo ianze solo. Iimbe kwanza kwa mdomo juu ya rithimu ya mwenzako, vipande vifupi, kisha uitafute sauti moja moja kwenye uzi wa kwanza na wa pili.