Mwanangu, kuhusu lile neno bayadere

Mwanangu marahaba, meseji yako nimeiona. Umeuliza kwanini jora la kitambaa hapo dukani limeandikwa bayadere na ulipogugo ukaletewa wanawake wa Kihindi wanacheza hekaluni, ukadhani umekosea herufi. Hujakosea, neno ni hilohilo.

Kwenye kitambaa bayadere ni mistari inayolala, inakata kwa upana toka ukingo hadi ukingo, rangi kali, mingine minene mingine myembamba. Nilishashona gauni la hivyo, kazi iko ubavuni, mwekundu wa mbele lazima ukutane na mwekundu wa nyuma, ukipishana kidogo tu nguo nzima inaonekana imepinda, usiku ule nilifumua mara tatu.

Sasa neno lenyewe, Wareno walipofika India waliona wanawake wanacheza mbele ya miungu wakawaita bailadeira, yaani mwanamke mcheza ngoma, basi. (Ni haohao waliotuachia leso na meza.) Wafaransa wakalipokea wakasema bayadère, baadae wakakipa jina hilo kitambaa cha mistari kwa kukumbuka mavazi ya wale wachezaji.

Kinachoniuma ni kwamba wenyewe walikuwa na jina lao, devadasi, mtumishi wa mungu. Kule Thanjavur, kusini, mfalme Rajaraja aliweka wanawake 400 kwenye hekalu lake na majina yao yakachongwa ukutani, karne ya 11 hiyo, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Mwaka 1838 wachache wao walipelekwa Paris kuonyesha ngoma, kijana wao mmoja wa kike akiitwa Amany, huko wote wakawa bayadere tu.

Sikufichi, mambo yaliharibika, mabinti wadogo walikuwa wanawekwa wakfu hekaluni halafu wanaishia mikononi mwa wanaume wenye hela. Aliyepambana sana ni daktari Muthulakshmi Reddy, na mama yake mwenyewe alitoka ukoo wa devadasi, mpaka mkoa wa Madras, hukohuko kusini, ukapiga marufuku kuwaweka wakfu mwaka 1947. Ngoma yao haikufa lakini, ndo hii inayoitwa bharatanatyam, na mchezaji Balasaraswati aliyezaliwa kwenye ukoo wa devadasi aliicheza mpaka Ulaya na Marekani.

Kwahiyo mteja akikuuliza mwambie yote mawili, na jina la devadasi ulitaje. Halafu nikatie mita mbili na nusu, chagua lenye njano pana.

Mama