Gari la 0 km: usiliendeshe kama umebeba mayai

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, gari jipya ulilokabidhiwa juzi uliendesheje mpaka injini izoee. Pili, kama unaweza kwenda nalo safari ya kilomita 600 wiki ijayo, ilhali rafiki yako kakwambia usivuke spidi 80 hadi ufikishe kilomita 5,000. La safari nitalijibu mwishoni. Nianze na huyo rafiki, maana ushauri kama wake ndio ulioniponza mimi.

Gari langu la kwanza jipya nililidekeza kupita kiasi. Nililitembeza spidi 80, mguu umegusa pedali tu, barabara imenyooka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeganda palepale kama saa iliyokwisha betri. Asubuhi naliwasha na kuliacha lingurume robo saa nzima eti lipate joto, mimi nikiwa ndani natafuta viatu. Nilivuka kilomita 3,000 bila kulibana hata mara moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo. Kabla ya kilomita 10,000 nikagundua oili inapungua. Halivuji, chini pakavu kabisa. Lilikuwa linaila. Baadaye ikafika karibu lita moja kila kilomita 2,000, na asubuhi likiwaka linatoa moshi wa bluu kama mzee na kiko chake.

Fundi alipoifungua injini aliniita nichungulie. Kuta za silinda ziling'aa kama kioo. Nikamwambia, angalau ndani ni safi. Akacheka sana. Kumbe huko kung'aa ndiko ugonjwa wenyewe.

Alichonieleza siku ile ndicho kinachofanya suala hili lieleweke, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ukuta wa silinda mpya hautakiwi kuwa laini kama kioo. Kiwandani huchorwa mistari myembamba sana inayokatana mshazari, ukiitazama kwenye mwanga unaiona kama ufumaji wa kitambaa. Mabonde ya mistari hiyo hushika oili. Vilele vyake hufanya kazi ya tupa: ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka, zikipanda na kushuka, vilele husagika na ringi nazo husagika kidogo, mpaka kila ringi inakaa sawasawa na ukuta wake. Kukaa huko ndiko tunakoita injini kuzoea. Mengine yote ni nyongeza.

Sasa, kitu gani kinaibana ringi ukutani? Watu wengi hudhani ni ule uspringi wake. Upo, lakini ni mdogo. Nguvu kubwa hutoka kwenye mlipuko wenyewe: gesi hupenya nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma kwa nje. Ukikanyaga mafuta vya kutosha, presha ni kubwa na ringi inasugua sawasawa. Ukigusa pedali kwa kidole gumba kama nilivyokuwa nafanya, presha ni ndogo, ringi inaelea juu ya oili, na ile oili inayobaki ukutani inaungua na kuwa utando mgumu mithili ya vanishi. Utando ukishajaza ile mistari, tupa imekwisha makali. Hata ukija kukanyaga baadaye, ringi inateleza tu. Dawa yake ni kufungua injini, kuzichora kuta upya na kuweka ringi mpya. Ndivyo nilivyofanya, na sitaki kukumbuka.

Siwezi kuapa kwamba ile spidi 80 peke yake ndiyo iliyoniua. Injini hula oili kwa sababu nyingi. Ila injini ileile, baada ya kuundwa upya, niliizoesha kwa namna nyingine kabisa, na tangu hapo sijaongeza oili katikati ya sevisi hata mara moja. Gari lililofuata nililitoa likiwa jipya, nikalifanyia vivyo hivyo, nalo halili oili.

Usinielewe vibaya ukaenda kulikanyaga hadi sakafuni ukitoka tu getini. Injini mbichi ina msuguano mkubwa kuliko iliyozoea, maana vyuma vinagusana kwenye vile vilele vichache, na hapo pana joto kali. Ukiipandisha hadi kwenye mstari mwekundu wa RPM siku ya kwanza, utando wa oili unaweza kukatika, ringi ikakwaruza ukuta, na mkwaruzo wa namna hiyo haurudi nyuma. Unachotaka ni mzigo wa wastani, wa muda mfupi, unaobadilikabadilika.

Mimi nafanya hivi. Naliwasha, nasubiri nusu dakika hadi dakika moja, natoka taratibu. Injini hupata joto upesi ikitembea kuliko ikiwa imesimama, na ikiwa bado ya baridi, mchanganyiko wa hewa na petroli huwa na petroli nyingi inayoosha oili ukutani. Mshale wa joto ukifika katikati bado sikanyagi, kwa sababu ule unapima maji, na oili huchelewa kupata joto kuliko maji. Nalipatia kama dakika kumi za mwendo wa kawaida. Ndipo nikipata barabara tupu, naweka gia ya tatu au ya nne kwenye spidi 50, nakanyaga mpaka nusu ya pedali au zaidi kidogo, RPM inapanda kutoka 2,000 hivi hadi 3,500. Nikifika 80 au 90 naachia mguu kabisa, gari likiwa bado kwenye gia, linajipunguza lenyewe hadi 50. Kisha nakanyaga tena. Kule kukanyaga kunabana ringi. Kule kuachia kunavuta oili kidogo kupanda ukutani na kuosha unga wa chuma. Mara kumi, kumi na tano kwa siku, si lazima mfululizo. Mlima mrefu wa kiasi ni zawadi, unakupa mzigo bila spidi. Kila kilomita mia mbili tatu naongeza kidogo kipimo cha RPM, na nikivuka 1,000 nalizoesha polepole kufika juu, mara moja moja.

Kosa ambalo halisemwi sana ni kuibebesha injini kwenye gia kubwa. Uko gia ya tano, RPM 1,200, kilima mbele, unakanyaga na gari linatetemeka kama lina homa. Unadhani unalihurumia kwa sababu halipigi kelele. Hapana, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ndizo zinazolipia, kwa sababu kwa RPM ndogo pampu ya oili nayo inasukuma kidogo. Shusha gia. Kwa gari la otomatiki, ukiona linang'ang'ania gia kubwa kwenye kilima, tumia sehemu ya kubadili gia kwa mkono kama linayo. Na cruise control, mkuu, iache kabisa kwa mwezi wa kwanza. Kazi yake ni kuigandisha RPM mahali pamoja, yaani kinyume cha tunachotaka.

Kuhusu kilomita ngapi: fungua kitabu cha gari, hakuna mwenye neno kubwa kuliko lake. Ila utaona vinakubaliana. Vitabu vingi vya Toyota husema kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki kwa ghafla, 800 za kwanza usivute tela, na kwa kilomita 1,000 au 1,600 usiende mbio kupindukia, usikanyage ghafla, na usikae spidi moja kwa muda mrefu. Soma hilo la mwisho mara mbili na umwoneshe rafiki yako. Subaru husema usivuke RPM 4,000 kwa kilomita 1,600. BMW kwenye magari yake mengi ya petroli huweka kikomo cha RPM 4,500 na spidi 160 hadi ufikishe kilomita 2,000. Hizo 5,000 za rafiki yako ni mabaki ya enzi ambapo vyuma vilichongwa vikabaki na mikwaruzo zaidi. Uingereza miaka ya 1950 watu walikuwa wakibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma kuwaambia wenzao wapite tu, injini bado inazoeshwa. Siku hizi vilele vya mistari ile hupunguzwa kiwandani kabla hujaliona gari, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi huisha ndani ya kilomita mia chache za mwanzo. Maana yake, wiki yako ya kwanza ina uzito kuliko miezi mitatu inayofuata.

Injini si peke yake. Matairi mapya yana utelezi juu yake kutokana na kutengenezwa kwake, na pedi za breki hazijashikana na diski. Kilomita 300 za mwanzo acha nafasi kubwa mbele yako, hasa mvua ikinyesha. Breki nazizoesha kwa kupunguza kutoka 60 hadi 20, kwa mguu wa wastani, mara kama kumi, nikiziachia zipoe katikati, bila kusimama kabisa na kukandamiza pedali diski zikiwa za moto. Kama gari lako ni la umeme, habari ya ringi haikuhusu, lakini hii ya breki na matairi inakuhusu vilevile, na kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi zitachelewa zaidi kuzoea.

Oili. Hapa ndipo ugomvi huwa mkubwa. Wako wanaoimwaga kwenye kilomita 500, wako wanaosema ni dhambi. Kwa injini iliyoundwa upya gereji, mimi namwaga mapema bila kujadiliana, maana usafi wa gereji si wa kiwandani. Ya kwangu niliimwaga kwenye 500 na ilikuwa inametameta unga wa chuma. Kwa gari la kutoka kiwandani nafuata kitabu. Honda, kwa mfano, hushauri oili ya kiwandani ibaki mpaka muda wake ufike. Chupa za kuongezea zinazoahidi kuondoa msuguano ziache dukani, kwani sasa hivi unauhitaji huo msuguano. Ila stiki ya kupimia oili ichomoe kila unapojaza mafuta. Injini mbichi kula kidogo ni kawaida, na kiwango kinaweza kushuka kabla taa yoyote haijawaka.

Sasa safari yako. Nenda. Kilomita 600 zenye vilima, miji ya kupita katikati na malori ya kuyapita ni darasa bora kuliko wiki mbili za foleni. Usijaze mizigo hadi juu ya paa wala usivute kitu. Ila usitoke na kukaa spidi 100 saa nne mfululizo. Badilisha, mara 70, mara 90, achia mguu, panda tena, na kila baada ya saa moja na nusu simama kidogo. Kama ni turbo, dakika mbili za mwisho kabla ya kuzima endesha pole. Ukifika, liache kwenye tambarare lipoe, kisha chomoa stiki kabla hujashusha mabegi, uandike mahali imefika wapi. Ukirudi, chomoa tena, utuletee hizo namba mbili hapa.