Sentensi niliyoibeba tangu darasa la sita

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikitamka sentensi moja kwa wepesi wa mtu anayetaja jina lake: "Mimi si mtu wa hesabu." Niliipata nikiwa darasa la sita, siku mwalimu aliponirudishia daftari la sehemu na desimali likiwa limejaa wino mwekundu, na darasa zima likacheka. Siku ile ilikuwa kweli. Kosa langu ni kwamba sikurudi tena kuikagua.

Sisi wa kusini tunaijua tabia hii. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Mtwara kwenda Dar es Salaam ilipitia kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na masika yakikolea abiria waliweza kulala njiani siku kadhaa wakisukuma basi kwenye tope. Aliyesema "huku kwetu hakufikiki" alikuwa anaeleza barabara. Daraja lilijengwa, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga kikawekwa lami, lakini nimewasikia watu wazima, nami nikiwa mmoja wao, wakilitumia tope lile lile kueleza kwa nini hawakuomba kazi fulani au hawakupeleka bidhaa zao mbali.

Baba alipoishiwa nguvu, shamba letu la mikorosho Tandahimba lilibaki mikononi mwangu. Kupalilia, kupulizia dawa ya salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiharibu maua, kuokota korosho na kuzianika, hayo yote sikuyaogopa. Niliogopa karatasi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupima mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika, mzigo hupelekwa ghala kuu na kuuzwa mnadani, kisha fedha humfikia baada ya makato. Karatasi hizo zote nilimkabidhi mdogo wangu bila hata kuzisoma.

Msimu mmoja mdogo wangu alikuwa amehamia Dodoma, simu yake haikupatikana kwa siku mbili, na fedha zilizoingia benki zilionekana chache mno. Jioni nilikaa barazani, nikachana karatasi katika daftari la binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, nikaandika kilo za kila stakabadhi kwa mstari wake: 118, 97, 124, 73. Mara ya kwanza nilipata 402. Mara ya pili nikapata 412, na ya tatu 412. Karatasi ya malipo ilisema 339.

Asubuhi nilikwenda ofisini koo likiwa limenikauka. Karani alipitisha kidole kwenye rejesta yake, akarudi juu, akashuka tena. "Kweli dada, hii ya kilo 73 imerukwa." Nililipwa katika malipo yaliyofuata.

Kilichonishangaza zaidi ya fedha ni kwamba hesabu yenyewe ilikuwa ya kujumlisha tu. Nilishindwa sehemu na desimali nikiwa mtoto, lakini sentensi yangu ilikuwa imezitawala hesabu zote, hata zile nilizozijua tangu darasa la pili. Ndiyo maana ninamshauri mwenye sentensi kama yangu aiandike kamili, kisha aiulize mara ya mwisho ilikuwa kweli lini, na inahusu nini hasa. Akishapata jibu, aijaribu kwa jambo dogo, mahali pasipo watazamaji. Mimi nilifanikiwa barazani, peke yangu, kwa sababu hapakuwa na wa kunicheka nilipopata 402. Ushauri wa kwamba mwoga aanzie jukwaani sijawahi kuuelewa.

Lakini si kila ukomo tumejiwekea wenyewe, na wahamasishaji wanaosema kila kitu kimo akilini hunikera. Mama anayeshindwa kununua salfa msimu ukiwa umefika hana fedha, na kumwambia ajiamini ni kumtukana. Ninaouzungumzia hapa ni ule ambao ungeweza kuujaribu Jumanne ijayo kwa kile ulicho nacho, na bado hujawahi kuujaribu.

Mwaka huu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliniomba niwe mweka hazina. Sentensi ya zamani ilinifika mdomoni. Badala ya kuitamka, niliomba wiki moja ya kuyapitia madaftari, kisha nikakubali. Riba bado hunisumbua, hasa mkopo ukirejeshwa kidogo kidogo. Ikinishinda, humwita binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la sita, tukakaa mkekani, yeye akinichorea mstari wa sehemu na mimi nikijaza namba za juu na za chini.